Kaburi la Nne

Orodha ya fidia ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya mtaa wa Nzoloma siku ya Jumatatu, na kufika saa nne asubuhi karatasi zilikuwa zimeshachafuka kwa vidole vya watu. Kila mtu alitafuta jina lake, akalifuata kwa kidole mpaka mwisho wa mstari, kisha akarudia tena, kama vile mara ya pili atakuta kitu kimeongezeka.

Anyesi alikuwa amesahau miwani nyumbani, kwa hiyo binti yake Gladness, anayefundisha chekechea pale mtaani, ndiye aliyemsomea.

"Elieza Ndahani. Nyumba moja ya tofali za kuchoma. Jiko moja. Choo kimoja. Mizabibu arobaini na miwili. Miti ya kivuli minne. Makaburi matatu."

"Soma tena hapo mwisho."

"Makaburi matatu, mama."

"Ni manne," Anyesi akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini waliokuwa karibu waligeuka. Mwezi wa nne, bwana mmoja wa upande wa relini alikuwa ameinua matuta mawili ya udongo nyuma ya zizi lake na kuyachomekea misalaba, ili alipwe fidia ya wafu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Alikamatwa kwa sababu rangi ya misalaba ilikuwa bado haijakauka. Tangu siku hiyo, mtu yeyote wa Nzoloma akitaja kaburi, wenzake walimtazama mikono.

"Mama Gladi naye kaanza," mwanamke mmoja akanong'ona, na mwenzake akacheka kwa pua.

Mwenyekiti wa mtaa, Lameck, alitoka nje na kalamu imechomekwa sikioni. Alikuwa mtu wa maneno laini, hasa alipokuwa hataki kufanya jambo.

"Mbukwa, mama," akamsalimu kwa Kigogo. "Hilo la manne limetoka wapi tena?"

"Lipo miaka yote, mwenyekiti. Nyuma ya jiko, kwenye ua wa minyaa."

"Wathamini walipokuja ulikuwapo?"

"Nilikuwa kliniki Mvumi, nimempeleka wifi yangu."

"Basi aliyewazungusha ni mumeo. Akaonyesha, wakahesabu, akasaini. Mimi nikagonga muhuri." Alifungua mikono yake kumwonyesha kwamba ilikuwa mitupu. "Kama kuna hesabu haijakaa sawa, hiyo ni ya chumbani kwenu."

*

Elieza alikuwa anang'oa fremu za madirisha. Wenye mradi waliruhusu watu wachukue mbao na bati zao, mradi wawe wameondoka kabla ya siku tisini kwisha. Hapo palitakiwa pawe kituo cha malori. Katika mchoro ulioletwa kwenye mkutano wa kwanza, nyumba yao ilikuwa chini ya neno "maegesho".

"Kwa nini uliwaambia matatu?" Anyesi aliuliza kabla hajavua kitenge cha kutokea.

Elieza hakugeuka. "Yako matatu. Baba, mama, na kaka Yoramu."

"Na mtoto?"

Nyundo ikasimama. Mtoto huyo alizaliwa mwaka wa mvua zile kubwa, mwaka ambao Elieza alikuwa Mtibwa anakata miwa. Aliishi siku nane. Mama yake Elieza pamoja na wanawake wawili wa jirani walimzika asubuhi, nyuma ya jiko, bila mchungaji na bila mwanamume yeyote, kama walivyozikwa watoto wengine wachanga ambao hawajatolewa nje kwa mara ya kwanza. Juu yake waliweka kipande cha jiwe la kusagia lililovunjika. Barabara zilipopitika na Elieza akarudi, alimkuta mke wake anapalilia uwele. Aliambiwa, akainamisha kichwa, na jambo hilo halikuzungumzwa tena kwa miaka ishirini na zaidi.

"Mama Gladi," alisema taratibu, "yule hakuwa na kaburi la kuhesabika. Walimzika kina mama. Mimi sikuonyeshwa."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Sasa ndiyo tuwaulize watu wa serikali?" Alishuka kwenye ngazi. "Sikiliza. Mzee Chibago alilalamika choo chake kimeandikwa cha miti wakati ni cha tofali. Wenzake wa awamu ya kwanza wamelipwa mwezi wa tano. Yeye kila akienda anaambiwa jalada linahakikiwa. Choo tu, mama Gladi! Ukienda wewe na kaburi, hapa tutatolewa bila senti, tukalale wapi?"

"Mimi sitaki senti. Nataka atolewe na wenzake. Hawa wakiondoka, yeye abaki chini ya malori?"

Elieza aliokota msumari uliopinda, akaanza kuunyoosha juu ya jiwe. Alikuwa fundi wa nyumba za watu tangu ujana wake, na alipokosa jibu mikono yake ilitafuta kazi.

"Tungoje tulipwe kwanza," alisema. "Tukishalipwa, nitakwenda mwenyewe."

"Watakulipa wakishaleta greda."

*

Alhamisi Anyesi alikwenda mjini peke yake. Kwenye ofisi ya mradi mlinzi alimwambia asubiri nje kwa sababu viti vya ndani ni vya wenye miadi. Alisimama kwenye jua toka saa mbili na nusu. Saa sita mlinzi akamwita, akamwelekeza afute viatu kwenye gunia, ingawa kijana aliyemtangulia alipita na buti zenye tope.

Afisa aliyempokea aliitwa Paulina. Alikuwa binti wa umri wa Gladness, amesuka vizuri, na alimwamkia shikamoo bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Marahaba, mwanangu. Kuna kaburi limeachwa."

"Namba ya jalada?" Anyesi akampa. "Jina la marehemu?"

Hakuwa amelitegemea swali hilo. Jina alilokuwa nalo hakuwahi kulisema mbele ya mtu, kwa maana hakuna aliyewahi kuuliza.

"Joel," akasema.

"Alifariki mwaka gani? Mna cheti cha kifo?"

"Aliishi siku nane."

Paulina alinyanyua macho kidogo. "Pole, mama. Kadi ya kliniki? Picha ya kaburi, yenye msalaba au saruji?"

"Lina jiwe."

"Jiwe." Aliandika kitu, akakifuta. "Mama, tuseme ukweli tu. Hapa hakuna ushahidi."

"Mtume mtu aje, nitamwonyesha."

"Uhakiki ulifungwa tarehe thelathini."

Kwenye meza ya pili alikaa afisa mwingine, Henry, anakula karanga kutoka kwenye karatasi. "Hawa wa Nzoloma mwaka huu wamefiwa sana," alisema, na kijana wa mashine ya kunakili akacheka.

Anyesi alishika ukingo wa meza. "Mwanangu, mimi sijaja kuomba hela. Andika kaburi, halafu upande wa hela weka sifuri."

"Mfumo haukubali sifuri."

"Weka shilingi moja."

"Kaburi lina kiwango kimoja, laki tatu. Nikiweka pungufu, inakataa. Nikiweka laki tatu, nimekulipa bila ushahidi, naulizwa mimi." Paulina alipunguza sauti, maana hakuwa na roho mbaya. "Jumanne viongozi wanakuja kwenu kusikiliza kero. Simama uongee. Wakiagiza wao, mimi naandika."

*

Hema lilifungwa kwenye uwanja wa shule. Chini yake walikaa wageni, na mbele ya kila mgeni kulikuwa na chupa ya maji. Wananchi walikaa juani, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unazoa vumbi jekundu na kulimwaga juu ya wote bila kuchagua.

Watu walisema. Mmoja alilalamika kwamba maji yanatoka mara moja kwa siku tisa lakini bili inakuja kila mwezi bila kukosa. Mwingine alisema wanatozwa ada ya taka na hawajawahi kuliona gari la taka. Mama mmoja aliuliza watoto watavuka wapi barabara ya malori kwenda shule, na akashauri pawekwe tuta. Kila aliyemaliza aliambiwa, "Limechukuliwa," na kijana mmoja aliyevaa fulana ya mradi akaandika kwenye daftari.

Kipaza sauti kikafika kwa Anyesi.

"Mimi ni mke wa Elieza Ndahani. Mmehesabu makaburi matatu kwangu. Yapo manne. La nne ni la mwanangu, anaitwa Joel. Naomba atolewe pamoja na bibi yake."

Pakapita mguno. Mkubwa aliyeongoza msafara, mtu mnene mwenye kofia ya pama, alitazama orodha aliyopewa na msaidizi wake.

"Mama, hapa imeandikwa matatu, na mumeo kasaini. Mumeo yupo?"

Watu waligeuka nyuma. Elieza alikuwa amekaa mstari wa mwisho, kofia magotini.

"Simama, mzee. Usiogope. Kwako yako makaburi mangapi?"

Elieza alisimama. Hakumtazama mkewe. Alimtazama mwenyekiti Lameck, akamtazama mzee Chibago aliyekuwa pembeni na fimbo yake, jalada lake bado linahakikiwa. Kofia ikazunguka mikononi mwake.

"Matatu, mheshimiwa."

"Haya!" Mkubwa akapiga makofi mara moja. "Mama, hilo malizaneni nyumbani. Serikali haiingilii ndoa."

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka hata waliokuwa na kero zao wenyewe mkononi, kwa sababu walikuwa wamekaa juani muda mrefu na hicho ndicho kitu cha kwanza walichopewa siku hiyo. Anyesi alibaki amesimama na kipaza sauti mpaka kijana wa fulana akakichukua vidoleni mwake.

Mkutano ulipokwisha ziligawiwa karatasi zenye kichwa "Malalamiko na Mapendekezo". Gladness, macho mekundu, aliandika huku karatasi ameiweka juu ya mgongo wa dawati. Malalamiko yalichukua mistari miwili. Kwenye mapendekezo aliuliza, "Hapa niandike nini, mama?"

Anyesi alifikiri. "Andika hivi. Anayekuja kuhesabu makaburi amuulize na mama wa nyumba, siyo baba peke yake, kwa sababu wapo watu waliozikwa na wanawake."

Gladness aliandika neno kwa neno, wakaitumbukiza kwenye sanduku.

Elieza aliwangoja njiani. Walitembea watatu mpaka kwenye kona ya kanisa.

"Joel ni nani?" aliuliza.

"Mwanao."

"Ulimpa jina?"

Anyesi aliongeza mwendo, na Elieza, aliyekuwa na goti bovu, akabaki nyuma.

*

Wafukuaji walikuja mwezi wa nane, wakiongozwa na bwana afya aliyeitwa Bartolomayo. Walikuwa na glavu, dawa ya kunyunyiza, na masanduku matatu madogo ya mbao. Walifanya kazi yao kwa heshima. Mifupa ya mama yake Elieza ilipofungwa kwenye sanda mpya, wifi yake Anyesi, Penina, aliyekuja kutoka Mvumi, alilia kwa sauti.

Anyesi alimfuata Bartolomayo alipokuwa ananawa. "Baba, bado mmoja. Hapo tu, nyuma ya jiko. Hakuna kina kirefu."

Penina akafuta machozi. "Ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi ndiye niliyeleta maji ya kunawa mikono."

Bartolomayo alitembea mpaka kwenye minyaa, akatazama lile jiwe, akavua kofia.

"Nawaamini," alisema. "Lakini kibali changu kina majina matatu. Nikifukua mwili ambao haumo, nafungwa mimi. Mwambieni mwenyekiti aandike barua leo hii. Nikiipata kesho asubuhi, nitarudi, na sanduku nitalitafuta mwenyewe."

Wakamtafuta Lameck. Simu yake iliita bila kupokelewa. Mkewe alisema amekwenda semina Chimwaga, na muhuri ameondoka nao.

Asubuhi yake greda lilikuwa limeshafika upande wa relini. Elieza alikuwa ameondoka na masanduku matatu kwenda kuyazika kwenye kiwanja kipya. Anyesi alichukua jembe. Penina alichukua sufuria, kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kutolea udongo. Walisogeza jiwe, wakaanza kuchimba polepole kwa ncha ya jembe, kisha kwa mikono. Shimo lilikuwa limefika magotini, udongo umeanza kubadilika rangi, mgambo wawili wa kulinda eneo waliposimama juu yao.

"Mnafanya nini?"

"Tunamtoa mtoto."

"Kibali?"

Walinyang'anywa jembe, Penina akaamriwa kuondoka. Anyesi alipelekwa ofisi ya kata akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko, mgambo mmoja amemshika mkono kama mwizi wa kuku, na watoto wa chekechea anaowafundisha Gladness walimwona akipita.

"Umekutwa unafukua kaburi bila kibali," mtendaji alisema, kalamu mkononi. "Unajua hilo ni kosa la jinai?"

"Kaburi lipi, baba?" Anyesi aliuliza. "Si mmesema halipo?"

Mtendaji alikasirika. Akamkalisha kwenye benchi mpaka mchana, kisha akamwambia ataachiwa akiandika barua ya kuomba radhi. Barua iliandikwa na karani. Anyesi alitia sahihi yake chini ya maneno "sitarudia tena kosa hili".

Alipofika nyumbani, hapakuwa na jiko, wala minyaa, wala shimo. Pote palikuwa tambarare na pekundu, pamesawazishwa vizuri. Elieza alisimama katikati, mikono imening'inia.

"Nilimwambia dereva wa greda angoje," alisema. "Nilirudi nikamkuta anaanza upande huu. Nikamwambia, ngoja kidogo, kuna mtoto. Akanionyesha karatasi yake. Akasema, mzee, hapa karatasi inasema patupu."

"Ukafanya nini?"

"Nilisogea," Elieza alisema. "Lilikuwa linakuja, mama Gladi. Nilisogea."

"Udongo wameupeleka wapi?"

Alionyesha kwa mkono upande wa barabara kuu, ambako malori yalikuwa yanapita moja baada ya jingine kwenda kujaza makorongo.

*

Mwezi wa kumi walikuwa kwenye kiwanja kipya, kuta zimesimama, paa limefunikwa nusu. Fedha za fidia zilikuja na zikaishia kwenye tofali, saruji na nauli za lori. Nusu ya pili ya paa ilikuwa imezibwa kwa turubai. Ndipo Paulina alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mama, lalamiko lako limepita! Njooni na baba, msaini."

Walikwenda. Safari hii walipewa viti. Paulina alifungua jalada akawaonyesha: nakala ya taarifa ya mgambo, kwamba mwanamke Anyesi Ndahani alikutwa eneo la mradi akifukua kaburi la mtoto mchanga.

"Kamati ilikuwa inataka ushahidi. Huu hapa, wa maandishi, na una muhuri. Kwa hiyo limeingizwa, kaburi la nne, laki tatu." Alisogeza karatasi. "Na pendekezo lako wamelipenda. Wamesema litaangaliwa kwenye miradi ijayo. Saini hapa kwamba umeridhika, tufunge lalamiko."

Anyesi aliisoma karatasi, maana safari hii alikuwa na miwani. Jina la marehemu lilikuwa limeandikwa sawasawa: Joel Elieza Ndahani. Mahali pa kuhamishiwa paliandikwa "amehamishwa".

"Hajahamishwa," alisema.

"Mfumo unataka pajazwe, mama. Ni utaratibu tu."

"Sijaridhika. Sisaini."

Paulina alimgeukia Elieza. "Baba unaweza kusaini wewe. Jalada liko kwa jina lako."

Elieza aliitazama kalamu. Aliwaza turubai, wingu lililoanza kujikusanya jioni upande wa Ihumwa, na Gladness ambaye kitanda chake kilikuwa upande usio na bati. Alimtazama mkewe, akasubiri aseme neno. Kama angesema hapana, huenda angeiacha. Anyesi alikuwa anatazama dirishani, kwenye maegesho ya magari ya ofisi.

Akasaini.

Bati tisa na mbao zake, zilizonunuliwa kwa laki tatu ile, zilipandishwa wiki ile ile. Elieza alizipiga misumari mwenyewe, kwa uangalifu zaidi kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya kwa watu, na alipomaliza hakumwita mtu aje kuona.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili mchana, wakiwa wametoka kanisani na wamekaa kula. Ilianza na matone makubwa, kisha ikaangukia bati kwa kishindo mpaka Gladness akashindwa kusikia alichokuwa anasema baba yake. Hakuna tone lililopenya. Anyesi alisikiliza kidogo, akanyanyua sahani yake na kigoda, akatoka. Alivuka uani na kwenda kukaa jikoni, kibanda cha fito na nyasi ambacho kilikuwa kinavuja pande zote.

"Mama Gladi," Elieza aliita kutoka mlangoni. "Mama Gladi, rudi ndani, unalowa!"

Alimwona vizuri, amekaa na sahani magotini, maji yakimtiririka mabegani. Alikuwa anakula. Elieza aliita tena, halafu akabaki mlangoni pakavu, mvua ikipiga bati juu ya kichwa chake.